Nimepata Wifi

3 Machi

Shoga yangu Chaki,

Hujambo mwalimu wangu? Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia tangu kadi yako ifike kutoka huko mji ulikohamia. Mistari miwili! "Chumba kizuri. Nimepata wifi, upweke kwaheri."

Wifi? Umeolewa lini, na mimi fundi wako sijaletewa hata kitambaa? Na huyo wifi ana nini ambacho mimi sina? Mimi si mtu wa wivu, unanijua. Yule msusi aliyejifanya rafiki yako alihama mtaa kwa hiari yake.

Namtuma kaka yangu, fundi umeme, akuletee mto niliokushonea. Mto tu. Akikaa kidogo kutazama nani anaingia na kutoka, ni uchovu wa safari.

Shoga yako wa pekee,
Sindano

10 Machi

Sindano wangu,

Salamu nyingi. Afya njema, mbavu tu zinauma kwa kucheka. Wifi ya intaneti, mama wee! Kaka yako kauliza mara tatu, "Wifi yuko wapi?" Nikamwonyesha kile kidude chenye taa ukutani. Akakiamkia! Tumecheka mpaka chai ikapoa.

Anasema soketi yangu ni mbovu, atarudi Jumamosi.

Shoga yako,
Chaki

14 Aprili

Chaki,

U mzima? Sisi wazima. Kaka kaja huko Jumamosi tano. Chumba kimoja kina soketi ngapi?

Sindano

2 Juni

Sindano wangu,

Natumai hujambo. Kaa chini kwanza, na mkasi uweke mbali.

Soketi zilikwisha zamani. Kaka yako kanichumbia, nami nimekubali. Nilinyamaza kwa woga, nikijua utasema nimekuibia kaka, au yeye kakuibia mimi. Ukikataa, harusi siitaki. Bila wewe nitacheka na nani?

Basi sasa ni kweli: nimepata wifi. Ni wewe. Njoo unipime gauni.

Chaki

7 Juni

Wifi yangu,

Hujambo, bibi harusi? Nimepiga vigelegele mpaka mteja katoka mbio na suruali yenye pini!

Nikupime nini tena? Gauni lako la harusi liko kabatini. Nililimaliza Februari, kabla ya kadi yako, na wifi ya intaneti ninayo hapa dukani tangu mwaka juzi. Usiniulize.

Shoga anaweza kuhama mji akapata mwingine. Wifi utanihama uende wapi?

Wifi yako, tena wa pekee,
Sindano