Birika la Upande wa Mnadani

Jivani, rafiki yangu,

Tangu mwanao alipouwasha moto wa mazishi yako kule mtoni, mvua haijanyesha Shinyanga. Bomba lile la maji lililojengewa mawe, zawadi ya jumuiya yenu ya Wahindi kwa mji huu, halipumziki. Wanawake hupanga madebe yao kabla ya adhana ya alfajiri, na wafugaji wa Samuye hunywesha mifugo kwenye birika la upande wa mnadani. Wenzako walitaka maji ya watu tu. Wewe ukawaambia, "Ng'ombe pia iko na koo," ukang'ang'ana hadi likajengwa.

Sasa wenzako wanataka kulibomoa birika hilo, na bomba walizungushie ukuta. Wanasema tope la kwato limefika milangoni mwa maduka. Sitawasingizia: tope lipo, nami nimelikanyaga.

Unakumbuka siku ya ufunguzi? Bwana DC alihutubu, maji yakafunguliwa, na hakuna aliyesogea. Wenzako wakadhani tumewadharau. Nikakunong'oneza kwamba kwetu Usukumani, hata pombe, mwenye nayo huonja kwanza mbele ya wageni. Kabla sijamaliza, mzee mmoja akapaza sauti: "Mhindi aonje! Sisi si panya wa kujaribiwa dawa!" Ukavua kofia, ukainama, ukanywa hadi shati likalowa. Vicheko vilivyolipuka! Kisha akina mama wakakusukuma kwa ndoo: "Tupishe baba, umeshiba."

Ah, Jivani. Dukani kwako bado naingia nikitazama kiti chako.

Juzi niliingia kwa shauri hili. Mwanao aliniamkia vizuri, kisha akasema, "Tumejenga sisi, Mwalimu." Nikamweleza taratibu kwamba mtu akishatoa zawadi, hana tena mamlaka ya kuiwekea mlango. Akaendelea kukunja vitambaa. Namjua tangu akitambaa chini ya meza yako; mikono yake ikishughulika hivyo, anafikiri.

Nami sikungoja amalize kufikiri. Wafugaji wamekubali kuzoa tope kila mnada unapokwisha, kwa zamu na kwa nyimbo, kama wanavyolimiana mashamba. Jana wameanza kumwaga kokoto.

Kikao cha wenzako cha kuamua shauri hili ni Jumamosi. Sikualikwa, lakini nitaingia.

Kwaheri, ndugu yangu. Nakuahidi, sitakubali kiti wala chai yao mpaka mwanao atamke mbele ya wote kwamba birika linabaki.

Rafiki yako,
Mwalimu Maganga