Hesabu Nilizomfanyia Chiriku

Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini zamu za wodini hazijakumaliza na mgongo umepoa. Sisi huku ni wazima, ingawa barua hii naiandika kwa mara ya tatu, mbili nimezichana.

Mwanao Chiriku anakula vizuri, anaoga bila kusukumwa, na nyumbani bado anaongea mpaka majirani wanacheka. Ni shuleni ndiko amenyamaza. Jumatano mwalimu wake wa hesabu aliingia hapa ofisini kwangu shuleni nikigonga mihuri, akaniuliza kwa utani kama akili za mpwa wangu huwa tunazifungia nyumbani. Alisema daftari la kazi za nyumbani limejaa alama za vema, lakini mbele ya ubao mtoto alishika chaki mpaka kengele ikalia. Alipoulizwa nani humsaidia, alijibu hakuna, ila yeye husahau tu. Sasa wanataka kumrudisha darasa la nyuma, na fomu yake nimeletewa mimi niichape. Imo chini ya mafaili tangu siku hiyo. Kila mlango ukifunguliwa, naisukuma chini zaidi.

Mwalimu alinishauri kama mzazi: nikae kando ya mtoto, nimuulize amefikaje kwenye jibu, nimwache akosee. Nikaitikia ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu.

Dada, mtoto alinisitiri. Kazi zile nilizifanya mimi. Nilianza kwa kumwonyesha moja, kisha nikawa naandika majibu kwa penseli, yeye anapitisha kalamu juu yake, nami natia sahihi mahali pa mzazi. Alama ulizozisifu kwenye simu ni zangu. Uliponikabidhi mwanao ulisema asishuke, nami nikaogopa kushuka kwake kuliko kutojua kwake.

Walimu hawajafika bado. Mwalimu wake akiingia tu nitamweleza yote, hata kama kazi yangu itaota mbawa. Ila nakuomba, ukipiga simu Jumapili usimgombeze. Muulize amejifunza nini, kisha umsikilize hata akizunguka.

Jana jioni nilikaa kando yake, mikono nimeikalia. Alipata nne kati ya kumi, akanikataza kufuta zile sita. Ukurasa wenyewe nimeukunja humu, ameagiza uuone.

Wasalimie wenzako wa zamu, nawe ujitunze.

Ni mimi mdogo wako,
Mjomba Karani