Soksi Moja Iliyopotea Wiki ya Kazi

Jumatano, jioni. Baridi ya Agosti imeniingia hadi vidoleni na manyunyu hayajakatika tangu asubuhi. Nimefika nyumbani Kianda nikiwa na matope hadi magotini, na nina aibu. Naandika haya kabla sijaanza kujitetea, maana najijua.

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Likizo hii nimefungua darasa la watoto wa miaka minne na mitano katika ukumbi wa mabati wa kanisa moja huko Kawangware. Kila wiki ina mada yake. Wiki ya kwanza ilikuwa soko, tukauziana nyanya za udongo. Ya pili ilikuwa wadudu, na siafu wakatuonyesha ni nani mwenye ukumbi. Hii ya sasa ni wiki ya kazi.

Mada hiyo niliitoa kwenye mtandao pamoja na picha zake za kupaka rangi: rubani, daktari, mzima moto. Jumatatu watoto walipaka rangi kwa adabu tu, hakuna aliyefurahi. Mmoja aliniuliza mzima moto anauza nini.

Basi jana nikauweka ule mpango kando. Niliwaambia kila mmoja atuonyeshe kazi inayofanywa kwao. Mmoja aliendesha boda boda ya kiti cha plastiki. Mwingine alituuzia dagaa wa omena na akakataa katakata kutupa nyongeza. Halafu Mwende akasimama.

Mwende ana miaka mitano na ni mkimya sana. Hufika saa nne, wenzake wakiwa tayari wamecheza wakachoka, na siku nyingine haji kabisa. Katika daftari langu nilikuwa nimeandika hivi: hahesabu kupita tano, mzazi hana bidii. Wiki iliyopita nilimwambia mama yake kwamba Januari ingekuwa afadhali mtoto arudie darasa. Nilimwambia akiwa amesimama mlangoni, dakika mbili, kisha nikaendelea na shughuli zangu.

Jana mtoto huyo alivuta beseni, akamwaga soksi za mitumba nilizoleta tushone vikaragosi, akaanza kutoa amri kama mama anayefulia watu nguo. Nyeupe huku. Za rangi kule. Wewe usichanganye. Akazipanga jozi jozi, akazihesabu kwa kidole bila kusita mpaka jozi ishirini na tatu. Mimi nilikuwa nimeshika simu, narekodi.

Soksi moja ikabaki bila mwenzake, na hapo Mwende akabadilika. Aliinua mikeka yote. Akapekua mifuko ya wenzake. Uji ulipoletwa akaukataa. "Ikipotea watasema ni mama ameiba," akasema, na darasa zima likaanza kutafuta naye mpaka soksi ikapatikana ndani ya kiatu cha mtu.

Mimi nilicheka.

Nilicheka, nikaiweka video kwenye grupu ya wazazi, nikaandika chini yake "Mama fua wetu mdogo." Nilikuwa nataka sifa, niseme ukweli. Nilitaka wazazi waone darasa langu lilivyo hai. Sifa zilikuja, na vicheko vikaja, nami nikalala vizuri.

Leo Mwende hakuja. Nilipiga simu ya mama yake mara tatu, haikushikwa. Saa saba mzazi mmoja alipokuja kumchukua mwanawe aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kwenye plot, zile nyumba za kupanga anakoishi Mama Mwende, watu wanasema amekuwa akifukuzwa kazi kwa sababu ya wizi, na kwamba hata mtoto wake mwenyewe amesema hivyo kwenye video. Niliifuta video papo hapo. Nikajua kwamba hiyo haitoshi, na nikajua pia kwamba sitaki kwenda kwake.

Nikaenda.

Nilimkuta Mama Mwende mlangoni akichambua sukuma wiki. Hakunikaribisha ndani. Mwende alichungulia nyuma ya pazia, akarudi. Nilisema nimekuja kuomba msamaha na kwamba video nimeitoa.

"Umetoa saa ngapi?"

"Saa saba."

"Watu wameona tangu jana, Mwalimu."

Akaendelea kuchambua. Kisha akanieleza bila kuniangalia. Kuna nyumba moja huko mtaa wa Satellite alikokuwa akifua, soksi ya mtoto ikakosekana, na mwenye nyumba akaumwaga mkoba wake kwenye ngazi, vitu vyote nje, Mwende akiwa amesimama pale. Soksi ilikuwa chini ya kitanda. Hakuna aliyesema pole. "Nilimwambia Mwende hiyo ni mchezo tu," akasema. "Sasa wewe ukaenda ukaifanya mchezo kweli."

Nilimuuliza, kwa upole nilioweza kuupata, kwa nini huwa anaenda na mtoto kazini.

"Nitamwacha na nani? Kazi ya kufua inapeanwa saa kumi na mbili. Tunakaa hapo nje ya magate ya wenye nyumba na wenzangu, tunangoja kuitwa. Wewe unafungua saa mbili. Nikikosa kazi ndio nakuletea yeye saa nne. Nikipata, tunaenda naye."

Kumbe siku ambazo Mwende hakuja ni siku ambazo mama yake alipata kazi. Na mimi huwafundisha kuhesabu asubuhi, kitu cha kwanza, saa mbili. Nilimpa mtoto alama kwa somo ambalo hajawahi kulikuta, nikampa mama yake jina la uvivu, naye huamka kabla ya majogoo. Sikuwahi kuuliza. Hii ni wiki ya tatu, na sikuuliza hata mara moja.

Nilimwambia. Nilimwambia kwamba niliandika vibaya, kwamba Mwende anahesabu mpaka ishirini na tatu, tena jozi, jambo ambalo wengi darasani hawaliwezi. Kwamba yale ya kurudia darasa niliyasema bila kujua na nayafuta.

Akaacha sukuma. "Mpaka ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Na ulisema arudie."

"Nilisema. Nilikosea, Mama Mwende."

Nikatoa simu nikaanza kuandika kwenye grupu, pale pale, ili aone. Niliandika kwamba makosa ni yangu, kwamba ulikuwa mchezo wa kufua tu, kwamba Mama Mwende hajawahi kuchukua kitu cha mtu. Alisoma polepole akanirudishia simu.

"Toa hiyo ya kuchukua. Ukiandika hivyo ndio wataanza kuuliza ni nini kilichukuliwa. Na hiyo ya kufua, toa pia."

"Niandike nini?"

"Andika vile anahesabu. Hiyo peke yake."

Nikafuta yote. Nikaandika: Mwende anahesabu mpaka ishirini na tatu, kwa jozi, na ndiye aliyewafundisha wenzake jana. Nikatuma. Hakuna aliyejibu tulipokuwa pale, na mama yake hakuonekana kungoja jibu. Alimwita Mwende aje anisalimie. Mwende alikuja, akanipa mkono, akarudi ndani.

Nilimuuliza kama kesho atamleta. Alisema hajui, ataona. Alisema hivyo kwa adabu, na nadhani nastahili jibu hilo.

Picha za rubani nimezifungia kwenye mfuko na hazitoki tena. Mada za wiki zilizobaki nitaziuliza kwa wazazi kwanza, niketi nao, nijue kila mtoto anakuja kutoka wapi na saa ngapi. Simu haitaingia darasani. Kuhesabu nakusogeza hadi saa nne. Na kabla sijaondoka Kawangware nilipitia kwa mlinzi wa ukumbi nikaomba ufunguo. Aliniangalia kama nimechanganyikiwa, akanipa.

Kutoka hapa Kianda nitalazimika kuondoka kukiwa bado giza. Sawa. Kina mama wengine wanaondoka hivyo kila siku na hawaandiki popote.

Kesho mlango utakuwa wazi saa kumi na moja na nusu, ili anayewahi kazi ya saa kumi na mbili apate pa kumwachia mtoto, na jiko la uji litakuwa limewashwa. Nimemtumia Mama Mwende ujumbe kumjulisha. Mwende asipokuja, nitafungua tena Ijumaa, saa hiyo hiyo.