Daftari la Jumatatu: Kikao cha Nne cha Kamati ya Kumkumbuka Mwalimu Rudia

TAREHE: Alhamisi, tarehe 14 mwezi wa tano

MAHALI: Chumba cha Mifupa, ghorofa ya chini, jengo la zamani la chuo cha udaktari

MUDA: Kiliitishwa saa nane mchana. Kilianza saa nane na dakika arobaini, madaktari walipomaliza kuulizana nani ana wagonjwa wengi zaidi.

WALIOHUDHURIA
1. Daktari wa upasuaji – Mwenyekiti
2. Daktari wa watoto – Mjumbe
3. Sista, muuguzi mkuu mstaafu – Mjumbe
4. Mama, mjane wa marehemu – kwa niaba ya familia
5. Mhudumu wa wodi mstaafu, msukuma machela wa miaka thelathini na moja – Katibu

Mifupa ya kufundishia, inayoning'inia kwenye ndoano karibu na ubao, ilikuwepo muda wote lakini haikuhesabiwa kwenye akidi.

ASIYEHUDHURIA
Mfamasia. Alituma udhuru kwamba anaumwa. Sista alisema amempita kantini sasa hivi, na ugonjwa wenyewe unakwenda na soda baridi.

KUMB. NA. 4/1: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwataka wajumbe wasimame kimya dakika moja kwa ajili ya marehemu. Ilipofika nusu dakika alianza kueleza jinsi marehemu alivyomsifu siku ya operesheni yake ya kwanza. Mama akamwambia, "Mwanangu, dakika haijaisha." Ikaanzwa upya.

Mwenyekiti aliuliza tena kwa nini msukuma machela ndiye anayeandika wakati chumba kina madaktari wawili. Sista alimkumbusha kwamba hilo liliamuliwa kikao cha kwanza: mwandiko wa madaktari husomwa na mfamasia peke yake, na mfamasia leo anaumwa.

KUMB. NA. 4/2: YATOKANAYO NA KIKAO CHA TATU

Kikao cha tatu kiliagiza iletwe picha moja ya marehemu. Zililetwa mbili. Katika ya Mwenyekiti, Mwenyekiti amemshika marehemu bega. Katika ya Daktari wa watoto, marehemu amesimama na Daktari wa watoto, na begani kwa marehemu kuna mkono usio na mwenyewe. Ilikuwa picha ileile. Mwenyekiti aliutambua mkono kuwa wake, kwa saa.

Daktari wa watoto alieleza kwamba upande ule uliliwa na panya. Mwenyekiti alisema hajapata kuona panya anayekata mstari ulionyooka hivyo, labda amesomea upasuaji.

ILIAMULIWA itumike picha ya Mama, ambayo marehemu yuko peke yake na amenuna, kama anavyokumbukwa na wengi.

KUMB. NA. 4/3: MSEMAJI WA SIKU YA KUMBUKUMBU

Mama alieleza kwamba familia inataka msemaji mmoja tu, robo saa, basi. Marehemu alikuwa akizikimbia hotuba kwa mlango wa nyuma, na si vizuri kumfanyia akiwa hawezi kukimbia.

Mwenyekiti alishukuru na kusema kwamba, ingawa jambo hili ni zito kwake, yuko tayari. Sista aliuliza kama hotuba imeshaandikwa. Mwenyekiti alisema ni vidokezo tu. Vidokezo vilikuwa kurasa kumi na moja, vimepigwa chapa na kubanwa pini.

Daktari wa watoto alisema mwamba ngoma huvutia kwake. Akaeleza kwamba marehemu alimfukuza wodini mara tatu, na kila mtu anajua Mwalimu hakuwa akimfukuza asiyempenda. Sista alisema kama ni kufukuzwa, yeye alirushiwa faili la mgonjwa likampita sikioni. Mwenyekiti alisema kurushiwa faili ni jambo la kawaida, lakini yeye aliandikwa kwenye Daftari mara nyingi mno, hata idadi haikumbuki.

Hapo wote waligeuka kumtazama. Kwa faida ya atakayesoma haya bila kuwahi kusoma hapa, Katibu anaeleza: kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kuzunguka wodi, marehemu alifungua daftari lenye jalada jeusi na kusoma kosa moja alilolifanya yeye mwenyewe. Kisha mtu wa wiki ile aliitwa mbele, akaandika kosa lake kwa mkono wake, amesimama, akatia saini. Marehemu akampa mkono na kumwambia, "Haya, rudia," yaani arudi kwa mgonjwa akaanze upya. Ndiyo asili ya jina lake. Alikuwa akisema kosa lililoandikwa limeshikwa mguu, lisiloandikwa litarudi na jamaa zake. Kuandikwa ilikuwa fedheha ya siku moja na fahari ya maisha. Kuna watu hapa wana shahada za ng'ambo ukutani, lakini ukiwauliza habari zao wanaanza na ukurasa wao.

Mama alisema, "Basi rahisi. Aliyeandikwa zaidi ndiye atasema." Akatoa Daftari ndani ya foronya.

Mwenyekiti alishauri kwamba Daftari ni mali ya historia na lisishikwe ovyo. Sista alimwambia, "Mwanangu, tuliloshika wodini tunalijua. Daftari halitaambukiza." Mwenyekiti alipendekeza jambo liahirishwe hadi kikao cha tano. Hakuungwa mkono na mtu.

KUMB. NA. 4/4: KUFUNGULIWA KWA DAFTARI

Mama alisoma, Katibu akahesabu.

Daktari wa watoto alikutwa mara nne. Kosa lake la kwanza: alimtibu mtoto kikohozi siku tatu kwa kutazama karatasi za vipimo, wakati mama wa mtoto alikuwa akimwambia tangu mlangoni kwamba amemeza kifungo. Daktari wa watoto alisikiliza huku akitabasamu kama anayesomewa barua ya posa.

Sista alikutwa mara sita. Alisoma namba ya kitanda badala ya uso wa mgonjwa, na wa kitanda cha tisa akanywa dawa ya kuharisha ya wa kitanda cha sita. Alisema, "Sita. Andika vizuri hiyo sita, Mzee." Imeandikwa.

Katibu alikutwa mara moja. Alimsukuma mtu hadi chumba cha upasuaji, kumbe ni mgeni aliyekuja kumjulia hali nduguye, ndugu akaenda chooni, mgeni akajinyoosha kitandani. Alizindukia chini ya taa kubwa akauliza chai iko wapi. Wajumbe walicheka kupita kiasi. Katibu haoni sababu, ila anakumbusha kwamba msukuma machela mwingine aliyeandikwa hayupo.

Marehemu mwenyewe alikutwa mara mia mbili na tatu.

Mwenyekiti hakukutwa.

Mama alirudia kurasa zote, taratibu, akilowesha kidole. Daktari wa watoto alisema kwa sauti ya huruma, ambayo Katibu hakuiamini, kwamba huenda panya alipita na huku. Mwenyekiti alitazama ile mifupa kama anayetaka ishuhudie. Kisha alisema, "Nilidhani hakuna atakayelifungua." Aliulizwa na Sista aliandikwa mara ngapi hasa. Akasema, "Sikuandikwa. Miaka mitano. Kila Jumatatu nilisimama mstari wa mbele nikingoja. Mara moja nilikosea kwa makusudi, akanipita kama sipo. Nikajua hakuniona mtu wa kuhangaika naye. Tangu hapo nikiwasikia mnajisifu kwa kufukuzwa, moyo unaniwaka."

Daktari wa watoto aligeuza ile picha kifudifudi mezani.

Mama alisema umebaki ukurasa mmoja ambao hakuusoma, kwa kuwa hauna jina, na hakuwahi kujua unamhusu nani. Ni mwandiko wa marehemu. Katibu anaunakili kama ulivyosomwa:

"Kosa. Nimemfundisha mmoja miaka mitano, sijamwandika hata mara moja. Si kwamba hakosei. Anakosea kama wenzake. Lakini tangu mwaka wa pili mkono wake wa kushoto unafunga uzi kuliko mikono yangu yote miwili, nami nimeona kijicho. Nimemwachia makosa yake ili nibaki na kitu cha kumzidi. Kila Jumatatu naufungua ukurasa huu, kisha nasoma mwingine."

Saini ya marehemu, bila tarehe.

Wajumbe wote waliutazama mkono wa kushoto wa Mwenyekiti, uliokuwa umeshika kalamu. Mwenyekiti aliiweka kalamu chini. Alimwomba Mama arudie. Mama alirudia. Mwenyekiti alivua miwani akaipangusa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

Sista alisema: "Haya. Sisi tumeandikwa kwa uzembe, mwenzetu kaandikwa kwa kuonewa wivu na Mwalimu. Hata kwa kutokuandikwa ametupita."

KUMB. NA. 4/5: UAMUZI

Mwenyekiti alizichukua kurasa zake kumi na moja, akazikunja mara mbili na kuzitia mfukoni. Alieleza kwamba hana tena la kusema siku hiyo.

ILIAMULIWA kwamba pasiwe na msemaji. Mama atafungua Daftari, na kila aliyemo na aliye hai atasimama asome kosa lake mwenyewe. Ule ukurasa usio na jina atausoma Mwenyekiti. Sista alitaka iandikwe kwamba yeye ana sita na wengine wasimharakishe.

KUMB. NA. 4/6: MENGINEYO

Mwenyekiti aliomba Daftari. Alisimama, akaandika kwa mkono wake wa kushoto: "Niliwaambia wenzangu nimeandikwa, nami sikuandikwa." Akatia saini. Katibu anathibitisha kwamba kwa mara ya kwanza mwandiko wa daktari ulisomeka.

Mama alisimama akampa mkono. Akamwambia, "Haya, rudia." Mwenyekiti alishindwa kuuachia mkono ule, mpaka Mama akaketi nao.

KUMB. NA. 4/7: KUFUNGA KIKAO

Kikao kilifungwa na Mama saa kumi na dakika tano, kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa bado hajauachia mkono wake. Daftari lilirudishwa kwenye foronya likiwa na ukurasa mmoja tu mweupe. Daktari wa watoto na Sista walimwuliza Katibu, kila mmoja kwa wakati wake na mwenzake asisikie, ukurasa huo uliobaki umewekewa nani.

..............................
MWENYEKITI (amesaini kwa kushoto)

..............................
KATIBU (amesaini, na ukurasa ni wa nani hasemi)