Wakwe Niliowatandikia Nje

Dada mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, naomba unisaidie maana nimechoka hata kulia. Mimi ni Mluguru, nakaa Mafiga, binti yangu Jesca ameolewa na Laurenti, Mmasai, muuguzi, kijana mpole sina neno naye, na mwezi wa sita tulimbatiza mjukuu wangu wa kwanza nikafanya shughuli nyumbani, wakwe wakaja kutoka Mikese, baba na mama, wamejifunga shuka zao, nami nikawatandikia mkeka nje nikawapakulia kwenye sahani za plastiki, wageni wengine wako sebuleni na sahani za udongo, jamani sikuwa na nia mbaya, nilijua wale wamezoea nje na ng'ombe wao. Jesca akaniuliza, "Mama, mbona mama mkwe anakula nje?" Nikacheka, nikamwambia, "Si utani tu, mwanangu." Hakucheka. Alimbeba mtoto wakaondoka wote chakula hakijaisha, na sasa ni miezi minne simu yangu hapokei, mjukuu ameanza kutambaa nasikia kwa majirani. Mimi si mbaguzi, dada. Nifanyeje?

Mama Jesca, Mafiga

Mama Jesca, barua za "mimi si mbaguzi" nimezisoma mpaka macho yanauma. Pole kwa kumkosa mjukuu, inauma. Lakini tusidanganyane. Hukumtukana mtu, sawa. Ila mama mzima kapanda gari kuja kwenye ubatizo wa mjukuu wake, wewe ukaona shuka tu. Huo ndio ubaguzi, mama. Wengi mnadhani mpaka kuwe na matusi.

Na utani usiusingizie. Mimi mwenyewe Mluguru wa Mgeta. Watani wetu Wazaramo na Wasukuma tunawajua, wanatuvurugia msiba na sisi tunawavurugia wao. Mmasai tulitaniana naye lini? Halafu kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Huyo anayetambaa ni wa ukoo wako, na bibi uliyemweka nje ni bibi yake.

Acha kupiga simu. Jumamosi nenda Mikese, peke yako. Anza na mama mkwe, Jesca baadaye. Mwambie, "Nilikukosea, nisamehe," na usiongeze "lakini." Wakikukaribisha ndani, ingia. Wakikutandikia nje, kaa, kula, na usiulize kwa nini.