Yaya ametaja mulango wetu

Jirani Nabintu, soma tu, usipige simu.

Yaya wangu Pascaline, dada yangu mukubwa, ametoka Kakoba kule mujini sasa hivi. Alienda kuonja chokoleti mpya ya maziwa, yenye vipande vya kakao ndani. Mwenye kuitengeneza alitaka bamama ba Congo baseme kama ni nzuri.

Akatafuna. Kwanza maziwa, kisha kipande kikapasuka, uchungu, na nyuma yake kasiksi, ile pombe yetu. Kasiksi, Nabintu! Nani alikuwa anavundika kakao mu mutumbwi wa pombe ya ndizi? Baba yetu peke yake, na batu banamucheka!

Akaropoka mbele ya bote: "Hii ni ya shamba letu!"

Bwana mwenye kuleta mbegu za kakao alikuwa amekaa pale pale. Akatabasamu. "Kumbe muko wazima! Sasa munakaa fasi gani?"

Na yeye, furaha imemujaa, chokoleti ingali mu kinywa: "Mu kambi ya bakimbizi ya Nakivale, karibu na Base Camp, nyumba ya mulango wa bluu."

Amemwambia, Nabintu. Mulango wa bluu!

Ku boda-boda ya kurudi ndipo akakumbuka: lile shamba hatukuliuza. Tulilikimbia, baba akabaki mu mikono ya benye bunduki. Sasa nani anavuna? Nani alimuonyesha yule bwana ule mutumbwi?

Una rangi yoyote ya mulango kwako? Hata nyeusi. Leta sasa hivi.