Kadi ya Gemu Niliyoinunua Kimya Kimya

Chumba cha uani,
Nyumbani.
Jumamosi, tarehe 14 Juni, saa nne asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Najua salamu ndizo hutangulia, lakini leo nikianza na salamu nitajificha humo humo hadi karatasi iishe. Unanijua. Basi acha niliteme kwanza: nilimwonea baba aibu. Sisemi ile haya ya heshima, ya mtoto kuinamisha macho mbele ya mzazi. Nasema ile aibu mbaya, ya kutamani watu wasijue kwamba huyu ndiye baba yangu. Sijamwambia mtu, wala mama, wala rafiki yeyote. Wewe ni dada yake, kwa hiyo ukitaka kunigombeza nigombeze, nimejiandaa.

Sasa shikamoo, Shangazi. Goti linaendeleaje? Umeacha kupanda zile ngazi mbili mbili au bado unashindana na vijana wa ofisini? Huku tu wazima. Mama hajambo, kikohozi kimemwacha. Mdogo wangu kang'oka meno mawili ya mbele na wala hilo halijampunguzia maneno. Baba naye yuko vilevile, mafriji ya watu asubuhi, mafriji ya watu jioni, na wateja bado wanamwita Fundi Baridi.

Kompyuta uliyonitumia kutoka ofisini kwenu bado inadunda. Kwa kazi za shule sina malalamiko. Shida ni gemu. Usicheke, Shangazi, maana kwenye gemu mimi naongea. Tuko wasichana wanne wa darasa moja, kila mtu kwao, tunacheza gemu ya kuokoa watu kwenye majengo yanayoungua, na mwenye kutoa amri ni mimi. "Ghorofa ya pili, kushoto, kimbieni!" Mimi huyu, ambaye mwalimu akiniita ubaoni nasahau hata jina langu, na ambaye mdogo wangu ananiita Bubu mbele ya wageni.

Lakini kompyuta haina kadi ya picha, kile kipande kinachochomekwa ndani ili kichore picha upesi. Bila hicho, nikifika mlangoni picha inaganda. Ikizinduka, jengo limeshaanguka na wenzangu wananiuliza kama nilikuwa nimeenda kunywa maji. Mwezi uliopita wakaniambia, kwa upole kabisa, nipumzike kwanza hadi nipate mashine ya maana. Upole ule ulinichoma kuliko matusi. Ni mahali pamoja tu duniani ninapofungua mdomo, na hapo nimepumzishwa.

Pesa nilikuwa nazo zangu, za kuchapa barua za watu pale stesheneri likizo nzima. Nikaanza kutafuta kadi ya bei ya kati. Shangazi, nani aliyeipima hiyo kati? Nimesoma kurasa na kurasa za Kiingereza, nimetazama video hadi macho yakawa mekundu. Huyu anasema giga nane za kumbukumbu zimepitwa na wakati, anayefuata anasema giga nane zinatosha na ziada, wa tatu anasema subiri miezi sita zitoke mpya. Wanasema "kwa mwenye bajeti ndogo" halafu wanataja bei ya pikipiki. Na hiyo ni bei ya kwao. Ikifika huku imeshazaa mapacha. Nikajaza daftari zima la hesabu kwa majedwali, na kila jedwali likanipa jibu lake.

Baba aliniona na lile daftari. Aliketi kando yangu akaniuliza hicho kidude ni cha nini. Nikamwambia ni cha michoro ya ufundi, ya shule. Uongo wa kwanza huo. Alifurahi, Shangazi! Akaanza kuwatangazia wateja wake kwamba binti yake atachora friji zisizoharibika. Kisha akasema, "Mwanangu, kitu chochote chenye waya, swali la kwanza ni moja tu: kinakula umeme kiasi gani? Mengine ni mapambo. Jumamosi twende wote, nitakuongezea kidogo upate iliyo nzuri."

Usiku ule nilimwona akilini mwangu akiwa kaunta. Unajua anavyouliza. Sauti ya kuita mtu wa ng'ambo ya barabara, ovaroli lenye harufu ya gesi na mafuta, mita yake ya umeme shingoni kama daktari. Atauliza bei, atashika kichwa, atauliza tena. Na lile duka ni la vioo, wanafunzi wa shule yetu hawakosekani mle. Asubuhi ya Jumamosi akatoka chumbani amevaa shati la kutokea, amechana nywele. Nikamwambia, "Baba, duka halifungui leo. Wana hesabu za bidhaa."

Uongo wa pili. Akasema, "Basi wiki ijayo, hakijaharibika kitu." Akarudi chumbani, akatoka na ovaroli, akaenda kwa mteja. Nilisubiri hadi apite kona, nikachukua pesa zangu nikaenda peke yangu.

Sasa sikia balaa. Kiingereza cha kadi nakijua chote, ningeweza kutoa mhadhara. Nilipofika kaunta, lugha zote mbili zikanikimbia. Muuzaji, kijana mwenye kalamu sikioni, akasema, "Karibu, dada. Unatafuta kadi ya kazi au ya gemu?"

"Ya kawaida."

"Kawaida ni chumvi, dada. Huku tunauza kadi."

Watu wawili nyuma yangu wakacheka. Nikaonyesha kwa kidole ile ya daftarini mwangu, yenye giga nane. Akasema hiyo imeisha tangu juzi, ila anayo hii iliyotumika kidogo, giga kumi na mbili, feni mbili, bei ileile. Kumi na mbili kwa bei ya nane! Nikajiona nimeokota dodo. Kisha akauliza, na Mungu shahidi kwamba aliuliza, "Mashine yako itaimudu lakini?"

Nikaitikia kwa kichwa, kama mjusi ukutani. Sikuwa na hakika na lolote. Nilichotaka ni kuondoka tu wale watu waache kunitazama.

Jumapili, baba na mama walipotoka, nikafungua kompyuta. Kadi ni ndefu, inagonga kwenye kikasha cha diski, mfuniko haufungi. Hilo labda lingetafutiwa dawa. Lakini inataka waya wake maalumu wa umeme, na humu waya huo haupo kabisa. Nikageuza boksi: inahitaji pawasaplai ya wati mia tano na hamsini. Nikasoma kibandiko cha pawasaplai yetu, hiki kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta: wati mia mbili na arobaini. Kwenye daftari langu nina safu ya giga, ya feni, ya kasi, hata ya rangi za taa. Safu ya umeme sina. Lile swali moja tu la baba, ndilo nililoliacha. Mdogo wangu alichungulia mlangoni akasema, "Bubu, umenunua feni?" Nilitaka kumrushia kiatu nikaishia kulia.

Nimekasirika wiki nzima. Nimewakasirikia wenye video, muuzaji, waliotengeneza kadi ndefu kama mkate, hata wewe, Shangazi, kwa kutuma kompyuta yenye kisanduku kidogo. Nisamehe. Nimekasirika kwa sababu hasira ilikuwa nyepesi kuibeba kuliko hili jingine.

Maana risiti ina maandishi nyuma. Bidhaa hurudishwa ndani ya siku saba, boksi likiwa zima, na mnunuzi aliye chini ya miaka kumi na minane aje na mzazi. Siku ya saba ni leo. Duka linafungwa saa nane mchana. Mama nilimfikiria, lakini mama kapeleka vitambaa kwa mteja wake, harudi hadi jioni. Na hata angekuwepo ingekuwa kumtuma anifichie, uongo wa tatu.

Na leo ndiyo ile "wiki ijayo", Shangazi. Baba hajasahau. Tangu asubuhi namsikia akipiga mluzi bafuni. Amekataa kazi mbili, nimemsikia kwenye simu akisema, "Leo hapana mzee, leo nina safari na binti yangu." Boksi liko chini ya kitanda nilichokalia.

Nimewaza kumwambia nimeahirisha, sitaki tena kadi. Atakubali bila kuuliza, na hapo ndipo panaponikera zaidi. Nitabaki na feni mbili zisizozunguka, na yeye ataendelea kuwaambia wateja habari za friji zangu. Kuhusu gemu ataelewa, nadhani. Yeye mwenyewe hucheza karata hadi mama anune. Lakini jinsi ya kumwambia mtu, "Sikutaka uonekane nami," hiyo sentensi nimeijaribu kwa lugha zote mbili na haina mahali pa kushikia. Karatasini imetoka. Kwa mdomo sijui.

Nisalimie Mjomba mumeo, na mwanao wa kwanza aliyeoa, mwambie zile picha za harusi mama kazibandika hadi kwenye kabati la vyombo. Wabusu wale mapacha. Jirani yako mwenye maua mwambie mbegu zake ziliota. Mungu akulinde goti na moyo, akupe wageni wenye habari njema kuliko zangu.

Hizo ni hatua za baba ukumbini. Mara zote nilizoanza barua hii wiki hii, nikisikia hatua naisukuma chini ya vitabu. Zimefika mlangoni. "Mama, uko tayari?" ananiita, lile jina la mama yenu analoniita akiwa na furaha.

Boksi nimelivuta, nimeliweka juu ya kitanda. Barua naiacha hapa mezani, ubavuni mwa risiti, uso juu. Yeye husoma polepole, na mimi nitasimama papo hapo hadi amalize.

Nimesema, "Ingia, baba."

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye kwa sauti ndogo.